Mafuta Yameganda

Asubuhi ya tatu niliitikisa chupa
na ndani hakikutikisika kitu.
Mafuta ya nazi aliyonikamulia wifi yangu Tanga,
yaliyovuka Horohoro ndani ya soksi ya Shekue
ili yasivunjike, yasimwagike, afisa asiyaulize,
yalikuwa yamesimama wima, meupe kama mshumaa.
Nikasema: basi, yameharibika.
Nikasema: hata mafuta yamekataa kuhama.

Hakuna aliyeniambia kuwa Julai ya huku ina meno.
Ramani ya shule iliupitisha mstari wa ikweta
papa hapa karibu, kwa wino mwekundu,
nami nikauamini wino.
Nilikuja na kanga jozi sita na sweta moja,
na sweta yenyewe ni ya mtoto.

Dukani kwa Nyambane, chini ya ngazi, nikasema:
naomba nyanya za shilingi hamsini.
Akaniangalia.
"Unaomba ama unanunua?"
Wawili wakacheka. Wa tatu akanisogezea kapu nichague.
Nikalipa, nikasema ahsante sana, akasema:
"Karibu tena, Tanzania."
Ndivyo nilivyopewa jina Pangani, jengo zima:
mtu mmoja, nchi nzima, mfuko wa nyanya mkononi.

Viazi ni waru. Ishirini ni mbao.
"Sasa" si wakati, ni salamu,
na jibu lake si "sasa hivi natoka sokoni,"
kama nilivyojibu siku nne mfululizo
huku watu wakinisubiri nimalize.

Shekue hakuchukua hata wiki.
Hurudi jioni maneno yamemng'ang'ania
kama kishonanguo kwenye kaptula.
"Niaje, mathe."
Nilidhani anasema mate.
Nikajipangusa mdomo.

Maji huja Jumanne na Ijumaa,
saa wanayoijua wenyewe.
Kwanza bomba hukohoa. Halafu linanyamaza,
kama mgonjwa anayefikiri.
Kerubo wa mlango wa pili,
ambaye mchana tunapishana kwenye ngazi
kila mtu na funguo zake,
saa tisa usiku anagonga kwa kiganja:
"Mama Shekue! Maji!"
na kabla sijapata kandambili ameshafika mlango wa tano.
Miaka arobaini na miwili Tanga
hakuna jirani aliyewahi kuniamsha saa tisa
nikamshukuru.

Ni yeye aliyeishika chupa, akaigeuza, akacheka kidogo.
"Hii haijaharibika. Inasikia baridi tu.
Iweke roshani, jua hufika saa tano,
lakini usichelewe, saa sita linahamia kwa akina Okumu."

Na kuna Mzee Mutiso wa getini.
Siku ya kwanza nilimwambia shikamoo
akageuka nyuma kutazama ni nani anayesalimiwa.
Siku ya pili alijibu poa.
Siku nyingine fiti, siku nyingine salama, mara moja
alinijibu "asante," akanifungulia geti lililo wazi.
Sikuacha. Nilifunzwa hivyo, ulimi hauna breki.

Jana aliniona kwa mbali nikitoka na vitunguu.
Akainuka kitini, akavua kofia ya sufu,
akaniwahi kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi:
"Shikamoo, Mama Shekue!"

Mzee huyu ana umri wa baba yangu.
Meno mawili ya mbele yalishamwaga.
Kofia mkononi, anangoja.
Ungefanya nini?
"Marahaba," nikasema,
masikio yakiniwaka moto, na vitunguu
viwili vikaanguka, vikabingirika hadi barabarani
tukavikimbiza sote.

Nilipofika juu ilikuwa saa sita na robo.
Jua lilikuwa limeshahama.
Chupa roshani ilikuwa imeyeyuka upande mmoja,
upande mwingine bado mshumaa.
Nikaiinamisha taratibu,
nikajipaka ule uliokuwa tayari.